Valvu Ambayo Sikuizungusha

Kemunto mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga magokoro, na ninavyomjua bibi yako, hatakuachilia mpaka ule, uombewe, kisha ule tena. Nina kama saa tatu za peke yangu. Mvua ya alasiri imeanza kupiga mabati, majani ya chai yameshafika kituoni, na hapa nyumbani hakuna mtu wa kuniuliza naandika nini.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Una miaka ishirini na mitatu, na unakoenda kuna joto ambalo mimi silijui, kwa hivyo huko wewe ndiwe utakayenifundisha. Nataka kukueleza jambo moja ambalo nilipaswa kukueleza zamani. Sikukueleza kwa sababu niliogopa jinsi ungeniangalia.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Ekegusii nakiongea tu. Sijawahi kuandika nacho kitu kirefu kuliko jina la mtu. Kiingereza ndicho ninachoandikia ripoti miaka yote hii ya kazi, na uongo mbaya kuliko wote niliowahi kuusema niliuandika kwa Kiingereza, kwa herufi nadhifu. Kiswahili nilikipenda shuleni, na sijawahi kumdanganya mtu nacho kwenye karatasi. Tena ndiyo lugha utakayofanyia kazi huko Mtwara. Watu wa huko watashangaa wakikusikia ukiniita "baba" kwa simu. Waeleze tu kwamba kwetu Kisii baba ndiye mama.

Juzi, watu wa kanisa walipokuja kukuombea, ulisimama mbele ya kabati la vyombo ukawaambia, "Mimi naenda kukagua valvu za bomba la gesi kwa sababu ya mama yangu. Miaka yote hii hajawahi kupitisha kitu kibovu." Watu wakasema amina. Ukaniangalia, nami nikainama nikajifanya nakusanya vikombe. Najua ulidhani ni haya. Nilishindwa kusema amina kwa sababu haikuwa kweli.

Nilikuwa na miaka mitano kazini wakati ule, na wewe ulikuwa darasa la tano. Kazi yangu ilikuwa hii hii ninayoifanya leo, kuzunguka Kisii na Nyamira nikikagua mitambo ya gesi ya kupikia mashuleni, mahospitalini na kwenye mahoteli. Palikuwa na shule ya bweni ya wasichana, mbele kidogo ya Nyaramba. Ilikuwa miongoni mwa shule za kwanza huku kwetu kuacha kuni. Nyuma ya jikoni walikuwa na tangi jeupe ndani ya ua wa waya. Bomba la chuma lilitoka kwenye tangi, likapita ukutani, likaingia jikoni na kugawanyika kwa majiko sita. Kando ya mlango wa jikoni, kwenye hilo bomba, ndipo ilipokuwa valvu ya dharura. Kazi yake ni moja tu. Moto ukitokea, mpishi anayekimbilia nje anaizungusha, gesi inakatika, na moto unakosa cha kula.

Kanuni yetu ilisema mkaguzi aizungushe valvu hiyo kwa mkono wake mwenyewe, aifunge mpaka mwisho, aone majiko yanazimika, aifungue tena, ndipo atie sahihi. Haikusema aiangalie. Ilisema aizungushe.

Nilifika pale saa tano unusu asubuhi. Barabara ilikuwa tope tupu na gari la afisi lilikuwa limetukwamisha mara mbili. Jikoni maharagwe yalikuwa yakichemka kwenye masufuria makubwa, na mpishi mkuu, mama mmoja mrefu aitwaye Bathseba, alikuwa akikoroga kwa mwiko mrefu kama jembe. Nilimaliza tangi, nikamaliza kipimo cha mgandamizo, nikapaka maji ya sabuni kwenye maungio yote ya bomba. Hakuna povu lililotoka. Ikabaki valvu ya mlangoni.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Yunes, tuliimba naye kwaya moja. Alikuwa amesimama karibu nami na mwavuli.

"Mama Kemunto," akaniambia, "ukizima hayo majiko sasa, maharagwe hayataiva mpaka saa tisa. Wasichana wana mtihani mchana."

"Ni dakika chache tu, mwalimu."

"Dakika chache za kuzima, na za kuwasha je? Hiyo valvu si uliizungusha mwaka jana wewe mwenyewe? Imebadilika nini? Andika tu."

Nikatazama saa. Na hapa, Kemunto, ndipo unapoingia, na nataka usome taratibu. Siku hiyo shule yenu ilikuwa ikitoa zawadi, na wewe ulikuwa umeongoza darasa. Asubuhi ulinishika sketi mlangoni ukaniambia, "Baba, usichelewe, wataniita wa kwanza." Marehemu baba yako alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia, na nilikuwa nimejiapia kwamba hutawahi kupanda jukwaani ukatazama viti na kukosa mtu wako. Nikaitazama ile valvu. Ilikuwa na rangi nyekundu, safi, imepakwa vizuri. Nikaegemeza fomu kwenye ukuta nikaandika maneno yenye maana kwamba imejaribiwa na inafunga. Nikatia sahihi. Bathseba aliinua uso kutoka kwenye sufuria kama mtu anayetaka kusema neno, lakini nilikuwa nimeshageuka.

Nilifika shuleni kwenu wakikuita. Ulipokea kamusi, ukanitafuta kwa macho, ukaniona. Ulitabasamu sana. Sitaki ufikiri kwamba siku ile imechafuka. Furaha yako ilikuwa yako halali. Kuna mambo mengi ningeweza kufanya: ningeweza kumwambia mwalimu nitarudi kesho, ningeweza kuandika "haijajaribiwa" na kuondoka kwa wakati ule ule. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji nikukose wewe. Kwa hivyo usiubebe mzigo huu. Nimeubeba mimi, na mabega yameshazoea.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, mpira unaopeleka gesi kwenye jiko moja ulipasuka. Moto ukaruka mpaka dari. Wasichana walikuwa madarasani, Mungu ashukuriwe. Wapishi wengine wawili walitoka mbio. Bathseba naye alifika mlangoni, lakini badala ya kutoka alisimama akashika valvu. Ikakataa. Akaishika kwa mikono miwili, akaivuta kwa uzito wake wote, na chuma chenyewe kilikuwa kimeshaanza kupata moto. Hakuiachilia mpaka mwenzake alipozunguka nyuma na kufunga gesi kwenye tangi. Jikoni iliungua yote. Bathseba aliungua mikono mpaka kwenye viwiko.

Nilipigiwa simu nikiwa Kebirigo, sokoni, nikichagua nyanya. Niliziacha pale pale.

Kikaitishwa kikao cha uchunguzi. Watu watatu nyuma ya meza, na mwenyekiti akainua fomu yangu ili kila mtu aione. "Valvu hii ilijaribiwa wiki tatu kabla ya moto," akasema. "Ilikuwa inafunga. Maana yake ni kwamba mpishi alishtuka na hakuizungusha, au aliizungusha vibaya." Valvu yenyewe ilikuwa imeungua na kupinda, haingeweza kusema lolote. Iliyoweza kusema ilikuwa ile karatasi, na mimi. Mwalimu Yunes alikuwa ameketi kiti cha pili kutoka kwangu. Tulitazamana. Nikasubiri aseme yeye, naye nadhani alikuwa akisubiri niseme mimi. Kikao kikafungwa kwa sala. Barua ya kumfuta Bathseba kazi iliandikwa juma lile lile, akiwa bado kitandani.

Nikaenda kumwona hospitalini mjini Kisii. Nilibeba maziwa na ndizi, kama mgeni mwema. Alikuwa amefungwa bandeji mpaka juu ya viwiko, mikono yote imelazwa juu ya mto. Aliponiona alifurahi, na hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko kama angenitukana.

"Umekuja vizuri," akasema. "Nina swali, na ni wewe tu unayeweza kunijibu. Wanasema sikuizungusha. Lakini niliizungusha. Sasa nalala hapa nikiwaza, pengine nilikosea upande. Wewe uliikagua. Ilikuwa inafungia upande gani?"

Akainua ule mkono uliofungwa, polepole, akauzungusha hewani kuelekea kulia. "Hivi?" Kisha kuelekea kushoto. "Au hivi?"

Kemunto, niliangalia sakafu. Nikamwambia, "Pumzika kwanza, Bathseba. Utapona." Nikatoka nje, nikaketi kwenye ngazi za hospitali, watu wakinipita juu.

Tangu kikao kile nilikaa kimya siku kumi na moja. Nataka ujue kwamba mama yako alikaa kimya siku kumi na moja. Nilipika, nilikusaidia kutia jalada kamusi yako mpya, niliimba kanisani siku ya Sabato. Kila siku nilijiambia kwamba mpira ndio uliopasuka na valvu si chanzo. Kwamba mimi ni mjane mwenye mtoto. Kwamba hakuna aliyekufa. Kila moja ya sababu hizo ilikuwa na ukweli ndani yake, na hicho ndicho kitu nilichojifunza kuogopa. Uongo mtupu ningeutambua upesi. Sababu zenye ukweli nusu zinaweza kukulaza usingizi mwaka mzima.

Siku ya kumi na mbili niliandika barua nikampelekea mkubwa wangu. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaikunja na kunirudishia.

"Kerubo, hii sijaiona," akasema. Alikuwa mtu mpole, na alinihurumia kweli. "Nenda nyumbani ukafikirie."

"Nimefikiria, bwana. Nimemaliza kufikiria."

"Unajua itakavyokuwa? Watakusimamisha. Wataanza kuuliza kila fomu uliyowahi kuandika."

"Waulize."

"Na mtoto wako?"

Hapo niliikunjua ile barua. Kisha nikaiweka barua juu ya meza yake, nikaiweka wazi ili asiweze kusema hajaiona, nikaondoka.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Bathseba, bado akiwa hospitalini. Nilitaka asikie kwangu kabla ya kusikia kwa watu. Nikamwambia, bila kuzunguka, kwamba sikuizungusha ile valvu, kwamba niliandika tu.

"Kwa hivyo sikukosea upande," akasema.

"Hukukosea."

"Ilikuwa ngumu tangu Pasaka," akaendelea. "Siku uliyokuja nilitaka kukwambia. Ukawa unaongea na mwalimu mkuu. Hukuniuliza."

Nikaanza kumwomba msamaha. Akageuza uso akatazama ukuta. "Nenda," akasema. Nikaenda. Usisome vitabu vinavyokwambia kwamba ukikiri kosa utakumbatiwa. Mimi sikukumbatiwa na mtu.

Unakumbuka ule mwaka niliokuwa nyumbani, nikakwambia niko likizo ndefu? Ulifurahi sana kwa sababu ulikuwa unakuta chai tayari ukitoka shule. Nilikuwa nimesimamishwa kazi. Nilichuma majani ya chai kila asubuhi na wanawake wa jirani, na walijua yote, na wengine waliniacha peke yangu kwenye mstari wangu. Mwalimu Yunes alihamishwa. Hadi leo hatujawahi kusemezana. Bathseba alisafishiwa jina lake. Barua mpya ikaandikwa, akaitwa arudi kazini, akakataa. Alisema hataki tena kusimama jikoni mwa watu wasioamini mikono yake.

Waliponirudisha, walinishusha cheo, na wewe ukadhani nimepandishwa kwa sababu nilinunua viatu vipya. Hapo nikafanya kosa la pili, ambalo sitaki nilipite kwa sababu linaweza kukupata hata wewe usiye na kosa la kwanza. Nikawa mkali. Nilifungia watu mitambo kwa sababu tu ya kibandiko kilichochubuka. Nilimkaripia fundi mmoja wa hospitali ndogo karibu na Kebirigo mbele ya wauguzi, kwa sababu ya kutu kidogo kwenye valvu. Mwaka uliofuata nikakuta valvu zake zote zinang'aa. Nikampongeza. Kisha nikakwaruza rangi kwa ukucha, na chini yake chuma kilikuwa kimeliwa mpaka kinapukutika. Alikuwa amepaka rangi kwa kuniogopa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, wewe huambiki."

Neno hilo lilinikaa. Tangu siku ile, nikifika mahali, siendi kwanza afisini. Naenda kwa mtu anayeshika kile chuma kila siku, namuuliza, "Ipi inakusumbua?" Kisha nanyamaza mpaka aseme. Wengine huchukua muda kuamini kwamba umeuliza kweli. Ngoja. Nimegundua makosa mengi zaidi kwa kungoja namna hiyo kuliko kwa kipimo chochote nilichopewa na afisi.

Sasa nikwambie habari ya baba yako mdogo, Mokaya, maana najua hukuwahi kuelewa kwa nini hakuja ulipohitimu chuo.

Ile hoteli yake ya Kiogoro ilikuwa kwenye orodha yangu. Niliomba afisi impe mkaguzi mwingine kwa kuwa ni shemeji yangu; hakukuwa na mwingine. Nikaenda Ijumaa asubuhi. Jumapili binti yake alikuwa anaolewa, na karamu ilikuwa pale pale hotelini. Wewe ulikuwa msimamizi wa bibi arusi, unakumbuka lile gauni. Nikamuuliza mpishi, akaniambia valvu kuu inazunguka vizuri tu, haina ugumu. Nikaifunga mpaka mwisho. Moto wa jiko ukapungua, ukawa mdogo, wa samawati, lakini haukuzimika. Nikangoja dakika tano nzima. Ulikuwa bado unawaka.

Mokaya akaja na kucheka. "Shemeji, moto huo hauwezi hata kuchemsha chai."

"Huo ndio ninaouogopa," nikamwambia. "Valvu imefungwa na gesi bado inapita. Siku mpira ukikatika hutakuwa na njia ya kuizuia."

"Tutabadilisha Jumatatu. Naapa."

"Basi utapika Jumatatu."

Kicheko kikamtoka usoni. "Kerubo, wewe ni mke wa ndugu yangu. Bibi arusi ni mtoto wako. Watu wote wanakuja. Unataka niwaambie nini?"

"Waambie ni mimi niliyefunga."

Nikafunga jikoni, nikabandika kibandiko chekundu kwenye valvu, nikaandika saa na jina langu. Siku ya Sabato kanisa zima lilikuwa limesikia, na benchi langu lilikuwa pana ajabu. Jumapili akina mama walipika kwa kuni nyuma ya hoteli, moshi ukaingia kwenye mahema, wali ukaungua chini, na kila aliyekohoa alinitazama. Nami nilikuwa pale pale nikiosha masufuria, kwa sababu sikuwa na sababu ya kujificha.

Mokaya alibadilisha valvu wiki iliyofuata. Hakuna moto uliowaka pale, si kabla wala baada. Na hilo ndilo gumu kuliko yote kwenye kazi hii, Kemunto. Sikuwahi kuthibitishwa. Pengine ile valvu ingevumilia karamu ile na nyingine kumi. Sitajua kamwe. Yeye anaamini nilimwaibisha bure, na sina kitu cha kumwonyesha. Ananisalimia matangani kwa mkono mmoja na kuendelea. Nampenda shemeji yangu, na ningefanya vile vile kesho.

Huko unakoenda mambo ni makubwa kuliko jikoni zangu. Gesi yetu ni nzito, hulala sakafuni. Hiyo yenu ni nyepesi, hupanda, na umeniambia kwamba ndani ya bomba kubwa haina hata harufu ya kumwonya mtu. Umeniambia bomba limepita chini ya mashamba ya mikorosho, na kila baada ya umbali fulani pana kituo chenye valvu iliyozungushiwa ua. Nyingine mtazifikia kwa njia mbovu, mwisho wa siku, mmechoka, dereva anataka kurudi. Zitakuwa zimekaa wazi miezi mingi bila kufungwa, kwa hivyo hakuna atakayejua kama zinafunga. Na kuzifunga kwa majaribio kutamsumbua mtu mkubwa mahali fulani, na atapiga simu. Atakuwa na sababu nzuri. Wenye sababu mbaya ni rahisi, utawashinda wote.

Na siku moja utakosea. Utachoka, au utampenda mtu, au utakuwa unakimbilia kitu kizuri kama nilivyokimbilia mimi. Sikuombi usikosee. Nakuomba useme siku hiyo hiyo, kabla karatasi yako haijaanza kumshtaki mtu mwingine. Siku yangu ya kwanza ya kunyamaza ingenigharimu aibu tu. Ilipofika ya kumi na mbili, ilikuwa imemgharimu Bathseba kazi yake na usingizi wake, naye hakudaiwa chochote.

Jumatatu hii nilikwenda kwake. Hunikaribisha siku hizi. Hatujawa marafiki, lakini hunikaribisha. Ana migomba mizuri karibu na Nyaramba. Vidole vyake viwili havikunjiki, mkwe wake ndiye anayekata mikungu. Nilimwambia unaondoka na kazi unayoenda kufanya.

"Anajua habari yangu?" akaniuliza.

"Hajui."

"Unampeleka kwenye kazi hiyo bila kumwambia? Basi utakuwa umeandika tena kwamba umeikagua."

Ndiyo maana barua hii ipo. Aliniruhusu nikutajie jina lake, na akanituma nikwambie kwamba watu wanaolima karibu na hizo valvu watakuwa wameshasikia mlio au kuona majani yaliyokauka kabla yako, na uwaulize, hata kama wamevaa kandambili na wewe umevaa kofia ngumu.

Utakapoimaliza barua hii pengine utakasirika. Una haki. Pengine utataka kunyamaza kwa siku kadhaa, nyamaza, sitakupigia. Lakini kazi usiiache kwa ajili yangu, na usiifanye kwa ajili yangu. Fanya kwa ajili ya mtu usiyemjua, ambaye siku moja atafika mbio kwenye chuma kile akiamini kwamba kitazunguka.

Kwa sababu siku itafika, huenda mwezi wa kwanza tu, mtu atakuambia kwa upole, "Andika tu." Jua litakuwa kali, gari litakuwa linanguruma, na kila mtu atakuwa upande wake. Mwambie angoje. Akikasirika, akasirike. Wewe shuka, ukaizungushe.

Ni mimi mama yako,
Kerubo
Kebirigo